Pete Ndefu ya Makambako

Vijana wa Njombe wa siku hizi wakiniona na mkongojo wangu wananiita mzee wa picha, wananipisha njia, wengine hata wananishika mkono nivuke mtaro. Wangenijua nilivyokuwa wakati wa Mwingereza wangeniacha nitumbukie. Nilivaa koti la sufu na tai, nikaitwa fundi na watu walionizidi umri, na ulimi wangu ulikuwa mchafu kuliko choo cha sokoni. Bibi harusi nilimwambia afumbe mdomo asije akaiogopesha kamera. Baba mzima aliyekuja na suti ya kuazima nilimwambia suti imemkataa. Walicheka kwa aibu, wakapigwa picha, na mwaka uliofuata wakarudi, maana fundi mwingine wa kuaminika alikuwa Iringa. Nayasema haya mapema ili mtu asije akanionea huruma huko mbele.

Studio yangu ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la mshona nguo, na kando yake kichumba cha giza nilichokijenga mwenyewe kwa matofali mabichi. Umeme haukuwepo. Mashine yangu ya kukuzia picha ilikula jua: nilitoboa ukuta, nikaweka kioo nje cha kuelekeza mwanga ndani, na jua likikataa, kazi ililala. Na Njombe jua hukataa. Mwezi wa sita na wa saba ukungu unashuka mpaka huoni mbuzi wako mwenyewe, baridi inakung'ata vidole, unakaa umekumbatia jiko la mkaa ukiwatukana wateja ambao hata hawajafika.

Mama mmoja alikuja asubuhi ya namna hiyo. Alitoka upande wa Kidugala kwa miguu, siku mbili njiani, akilala kwa watu wa kanisani kwake na kuongozwa na fimbo na sauti za wapita njia. Alisimama mlangoni, akainama kwa adabu mbele ya kabati langu la picha.

"Kamwene, fundi."

"Hilo ni kabati, mama," nikamjibu. "Mimi niko huku, mwenye pua."

Nilitegemea aone haya kama wengine. Wapi! Alicheka mpaka akashika mbavu.

"Nisamehe mwanangu. Nina mtoto wa jicho. Wawili, mmoja kila upande. Wa tumboni alikuwa mmoja tu, akaingia Keya, jeshi la Mwingereza, akafia Bama huko ng'ambo kwenye vita vya wazungu. Hawa wa macho ndio waliobaki nyumbani kunitunza."

"Bora hao, hawali," nikasema.

"Wanakula mwanga," akajibu, akatafuta kiti kwa mkono.

Ndani ya Biblia yake, katikati ya kurasa, alikuwa na picha ya ukubwa wa kadi ya posta. Askari kumi na wawili katika safu mbili, kofia zimewalalia upande mmoja, walipigwa kabla hawajapanda meli. Pembe moja ya picha ilikuwa imekatika. Alishika pembe ile, akatembeza kidole akihesabu, akasimama kwa askari wa tatu wa safu ya mbele. Uso wake ulikuwa kama punje ya haragwe.

"Huyu. Nataka uso wake peke yake, uwe mkubwa kama kiganja," alisema. "Jicho la kushoto limekwisha kufa. La kulia bado lina kidirisha kidogo, na kinafunga. Kikifunga sitamwona tena. Na nimeanza kumsahau, mwanangu. Sauti yake ninayo. Uso unanikimbia."

Hiyo ndiyo kazi aliyoniletea. Nyingine hakuwa nayo, wala picha nyingine ya mwanawe haikuwepo duniani.

Nikamweleza kwa lugha yangu ya siku zile kwamba kamera ikisogezwa karibu mno na kitu inaona ukungu, kama yeye tu. Dawa yake ni mirija mifupi ya chuma, mitupu ndani, inayofungwa kati ya kamera na lenzi. Inaisukuma lenzi mbele, na kamera inapata kuona cha karibu. Wazungu walikuwa na jina lao refu. Sisi mafundi tuliiita pete. Mimi sikuwa nayo, lakini nilimjua mtu Makambako aliyekuwa nayo.

"Basi nitakwenda Makambako kutafuta pete," nikasema.

"Unaoa!" Akapiga kigelegele ndani ya studio, mshona nguo akatoka mbio kuja kuangalia. Nilimwambia mara tatu kwamba pete yenyewe ni ya kamera. Haikusaidia. Tangu siku ile aliniita bwana harusi, na mshona nguo naye akadakia.

Nilikwenda na lori la magome ya miti ya miwati, nimekaa juu ya mzigo, vumbi mpaka kwenye meno. Makambako ya wakati ule ilikuwa njia panda na upepo. Mwenye duka niliyemfuata alikuwa Mhindi mzee, muuza mablanketi na mafuta ya taa, ambaye Jumapili alichukua kamera yake kwenda kupiga picha za nyuki na maua ya porini. Alitoa kisanduku, ndani yake pete tatu zimelala kwenye kitambaa cha bluu: fupi, ya kati, ndefu. Masharti yake yalikuwa mepesi. Chagua moja, kaitumie, ukiirudisha salama utapata nyingine.

Mkono wangu ulikwenda moja kwa moja kwenye ndefu. Akaniuliza ya kazi gani. Nikampa ile picha, akaigeuza, akaitazama kwa upande. Ilikuwa imejikunja kama jani kavu, kwa miaka yote ile ya kukaa kwenye Biblia na kutolewa.

"Chukua fupi," alisema. "Fupi itakupa uso mdogo, lakini utakuwa uso. Hii ndefu haisamehe. Inasogea karibu mno, inakula mwanga, na karatasi ikijikunja hata unene wa ukucha, pua utaiona na macho utayakosa."

Nilichukua fupi, nimenuna. Na nikiri hapa, kwa kuwa hakuna mwingine wa kukiri: fupi ilifaa. Siku ya pili jua lilitoka saa nne, nikafunga pete, nikaiweka picha juu ya meza jinsi ilivyo, na mkunjo wake. Nilipoikuza kwa mashine yangu mpaka mwisho wa uwezo wake nilipata uso wa ukubwa wa stempu. Lakini uso gani! Kijana ana kovu dogo juu ya nyusi ya kushoto, na mdomo ameubana kama mtu aliyeambiwa asicheke na kicheko kimemfika hapa. Niliuangalia muda mrefu. Hata mimi nilimpenda kidogo.

Mama alirudi baada ya wiki mbili. Nilimpa ile picha ndogo niliyoikuza na kusimama nikisubiri sifa zangu. Aliisogeza kwenye jicho la kulia mpaka kope zikagusa karatasi. Akaigeuza dirishani, akairudisha.

"Ni yeye, bila shaka ni yeye," alisema. "Ila naona kivuli tu. Haiwezi kuongezeka, bwana harusi?"

Ningekuwa mtu, ningemjibu kama mtu. Ningemwambia aiweke hata hivyo, maana kidogo si sawa na hakuna. Lakini damu ilinipanda. Nimekula vumbi la Makambako, nimengoja jua, nimeharibu karatasi tatu nzuri, halafu kipofu aniambie kazi yangu ni kivuli! Nilimpokonya ile picha mkononi, nikaichana vipande vinne mbele ya macho yake yasiyoona, nikavitupa kwenye jiko la mkaa. Negativu yake, ile filamu ya kutolea picha nyingine, nayo nikaitupa humo humo. Ilishika moto kwa pupa.

"Nini kinaungua?" akauliza.

"Takataka," nikasema.

Nikamwambia aniachie picha yake, nitampa uso wa kujaza kiganja, na akamweleze na mchungaji wake. Alishukuru kwa mikono miwili.

Huko Makambako yule mzee wa duka aliipokea pete fupi, akaipangusa, akaniuliza kama imekataa. Nikamwambia mteja wangu anataka dubwana. Akanisogezea ya kati. "Hapa katikati pana usalama," alisema. Nikamwambia sikupanda lori kuja kuchagua kiatu cha mtoto. Akatikisa kichwa, akanifungia ndefu kwenye gazeti.

Sasa sikiliza ujinga wa fundi. Kila alichosema yule mzee kilitokea. Kwa pete ndefu lenzi ilikaribia karatasi mpaka ikaitia kivuli chake yenyewe. Nikilenga mdomo, nyusi zinayeyuka. Nikilenga nyusi, mdomo unayeyuka. Mkunjo wa karatasi ambao pete fupi iliupuuza, ndefu iliufanya mlima na bonde. Nikaona dawa ni kuinyoosha ile picha.

Tulikuwa na ujanja wetu wa kunyoosha na kung'arisha picha. Unailowesha, unailaza kifudifudi juu ya kioo safi, unaiacha ikauke. Ikikauka kabisa inajibandua yenyewe, imenyooka, inametameta. Kazi yako ni kusubiri. Ila ujanja ule ulikuwa wa picha mpya, za dawa zetu. Picha ya zamani, iliyopigwa na fundi wa jeshi asiyejulikana, hujui ngozi yake ina nini. Hilo nililijua. Nikailowesha hata hivyo, nikaigandisha kwenye kioo, nikakianika uani, nikaenda kunywa ulanzi.

Niliporudi ukungu ulikuwa umeshuka. Kingo zote za picha zilikuwa zimejibandua, katikati imeng'ang'ania. Mtoto mdogo angejua la kufanya, yaani aiache mpaka kesho. Mimi vidole vilikuwa na baridi na kichwa kina ulanzi. Nilisema, "Ala, unanifanyia ukaidi na wewe!" nikaivuta.

Ilitoa sauti ya kitambaa kikichanika. Askari kumi na mmoja walitoka na karatasi. Wa tatu wa safu ya mbele alibaki kwenye kioo. Pale penye uso wake, kwenye karatasi, palikuwa peupe.

Uso wenyewe ulikuwa mzima pale kwenye kioo, mwembamba kama utando wa maziwa. Baadaye sana nimefikiri kwamba ningeweza kuupiga hapo hapo, kwa kamera na pete niliyokuwa nayo, nikaupata wote. Wakati ule sikufikiri. Nilichukua wembe nikaanza kuukwangua ili niurudishe kwenye karatasi, ukatoka vipande vipande kama ukoko wa ugali. Nilipomaliza nilikuwa na unga mweusi kwenye ncha ya wembe.

Nilikaa chini kwenye majani yenye maji. Nilimlaani mama yule kwa kuzaa mtoto mmoja. Nililaani vita, nikamlaani mzee wa Makambako kwa kuwa na pete tatu badala ya moja. Kisha nikatazama ile picha, sasa imenyooka kama kioo chenyewe, nikamwona askari wa nne, aliyekaa bega kwa bega na yule aliyekwenda. Umri uleule, kofia ileile. Nikajiambia: haoni.

Askari wa nne nilimpiga kwa pete ndefu siku iliyofuata. Na Mungu anisamehe, ilikuwa picha bora kuliko zote nilizopiga katika maisha yangu. Ilijaa kiganja, na kila unywele wa nyusi ulikuwa peke yake. Nilipokwenda kurudisha pete nilimwonyesha mzee wa duka, akaishika kwa ncha za vidole, akasema, "Basi nilikosea, bwana. Ndefu ndiyo iliyofaa." Nikapokea sifa hiyo na chai yake nikanywa.

Picha ya zamani niliiweka kati ya vipande viwili vya kadi, nikaitia ndani ya bahasha nene, nikaifunga pande zote kwa gundi ya unga. Mama alipokuja nilimwambia imechakaa, nimeihifadhi, asiifungue abadani, maana mwanga utaiua. Alikuwa amesikia kwamba karatasi za picha huogopa mwanga. Uongo wangu niliuchonga kutoka kwenye kazi yangu mwenyewe, ndiyo maana ulikaa vizuri.

Kisha nikampa uso wa yule mwingine. Aliuleta kwenye kidirisha cha jicho lake. Machozi yakaanza kumtoka.

"Amenenepa," alisema.

"Jeshini walikuwa wanakula nyama," nikamjibu.

Alipiga magoti akanishika miguu. Mimi nilisimama hivyo hivyo nimeshikwa miguu.

Msimu ule na uliofuata alinitumia viazi, njegere, mara mbili jogoo. Nilikula. Watu wa Kidugala waliopita dukani walinipa habari zake: kidirisha cha jicho kimefunga sasa, lakini picha analala nayo, kila asubuhi anaisalimia kwanza kabla ya watu wa nyumbani. Dada yake aliuliza mbona pua si ile, akafukuzwa na fimbo. Mshona nguo aliponihadithia hilo la fimbo tulicheka wote wawili, na mimi nilicheka zaidi.

Halafu siku moja mshona nguo akaingiza kichwa mlangoni. "Umesikia, bwana harusi? Yule mama yako anaona! Daktari wa macho amepita hospitali ya misheni, kamtoa mtoto wa jicho la kulia na la kushoto pia, kavishwa miwani. Anatembea anahesabu kuku wa watu!"

Nilifunga studio siku tatu, nikasema naumwa. Alikuja siku ya nne.

Alisimama mlangoni bila fimbo. Miwani yake ilikuwa minene kama kitako cha chupa, na nyuma yake macho yalionekana makubwa kupita kiasi. Safari hii hayakulitazama kabati.

"Kamwene, bwana harusi. Kumbe ni kijana hivi! Kwa ile sauti nilijua ni mzee mwenye jino bovu."

Akatoa uso wa kiganja, akauweka mezani taratibu.

"Umekosea mtu, mwanangu. Huyu si wangu. Si kosa lako, kofia zao moja, na mimi kipofu nilikuonyesha kwa kidole. Ila huyu ana mama yake mahali, na mimi nimemlilia muda wote huu kilio cha mtu mwingine. Mtafute, umpelekee." Akatoa na bahasha. Gundi yangu ilikuwa nzima pande zote. "Hii sikuifungua. Dada yangu alitaka, nikamkatalia. Wangu ana kovu juu ya nyusi, sasa nitakuonyesha mwenyewe, na wewe utafunga ile pete yako upige tena."

Alikuwa amekwisha kunisamehe kabla sijasema neno, na alichonisamehe sicho nilichokuwa nimefanya.

"Leo ukungu, mama," nikasema. "Jua hakuna."

"Si ulisema mwanga utaiua? Tuifungulie gizani kwako. Mimi giza nimelizoea."

Tukaingia. Niliwasha taa ya chemli yenye kitambaa chekundu, nikapasua bahasha. Nilikuwa na nafasi ya kusema kabla ya kufungua, na nafasi nyingine baada ya kuondoa kadi ya kwanza. Zote niliziacha zipite. Alishika pembe iliyokatika, kama zamani, akahesabu kwa kidole. Mmoja. Wawili. Kidole kikasimama.

Akavua miwani, akaipangusa kwa ncha ya kitenge, akaivaa. Akaangalia. Akaivua tena, akaipulizia pumzi, akaipangusa kwa nguvu zaidi.

"Ngoja," alisema. "Imeingia mvuke."

Aliipangusa mara ya tatu. Sikuweza kuvumilia kuiona ya nne.

"Mama, si miwani," nikasema.

Nikamwambia yote. Kioo, ulanzi, wembe, askari wa nne. Nikamwambia na ile ya kwanza, ndogo, ambayo harufu yake aliinusa. Nilipomaliza aliuliza jambo moja.

"Kwenye ile ndogo, kovu lilionekana?"

"Lilionekana."

"Na mdomo?"

"Alikuwa anajizuia kucheka."

Alitikisa kichwa kukubali. "Ndivyo alivyokuwa," alisema. "Basi wewe ndiye unayemkumbuka."

Akavua miwani, akaiweka juu ya ile picha penye weupe, akaanza kutoka akipapasa ukuta wa chumba changu. Nilimfuata nikimshikia miwani yake, nikimwita mama, mama. Mlangoni alisukuma mkono wangu bila hasira.

"Yule wa tumboni nimemzika leo," alisema. "Hospitali wangeniachia wale wa macho."